Kulitambua Tunda la Porini Kabla ya Kulila



Matunda mekundu yaivapo kando ya vijito na mipakani mwa misitu, watoto wa Njombe na Makambako huyachuma wakitoka shuleni. Ni rahisi kuyaita yote stroberi, na hapo ndipo kosa huanzia.

Stroberi si mzaliwa wa nyanda hizi. Hii ya bustanini ilipatikana Ufaransa katika karne ya 18, kwa kuchanganyika kwa mimea miwili, mmoja wa Amerika ya Kaskazini na mwingine wa Chile. Hutambaa chini, kila jani lina vijani vitatu vyenye kingo za msumeno, na ua lake ni jeupe. Ukionekana mmea ufananao nayo lakini wenye ua la manjano, huo ni stroberi ya uongo, asili yake Asia. Haudhuru, ila mlaji hujuta kuinama, kwa kuwa tunda lake halina ladha.

Tunda la porini la huku ni ndugu wa stroberi na waridi. Shina lake huinuka kama kichaka na lina miiba iliyopinda, ile ishikayo nguo za mpita njia. Tunda lenyewe si mwili mmoja: ni punje ndogo nyingi zilizoshikamana, kila punje na mbegu yake. Alama hizi zitazamwe pamoja. Wekundu peke yake si alama.

Wala mwiba hautoshi. Ndulele ina miiba, lakini tunda lake ni la mviringo, lenye ngozi moja nyororo, nalo huwa la manjano likiiva, lina sumu. Mranaha huota hata katikati ya mahindi, na ganda lake limejaa miiba. Mbegu zake hukausha kinywa, hutanua mboni za macho na kumfanya aliyezila aweweseke.

Ipo hatari nyingine ambayo jani wala ua havioneshi. Tunda jema lililoota ukingoni mwa shamba la viazi mviringo lililopuliziwa dawa huweza kubeba dawa hiyo, na kusuuza kwa maji hakuiondoi yote. Liachwe.

Mtoto akila asichokijua, asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa kwa kudhani ni dawa. Apelekwe zahanati mara moja, pamoja na tawi lenye jani na tunda ili mhudumu aone. Tawi lifungwe katika mfuko, na aliyelikata anawe mikono.