Mzani, Maji na Muhogo: Elimu ya Chakula kwa Vijana wa Shule

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Tanga



Mmezoea kunisikia nikisema habari za vitabu vya hesabu, stakabadhi na daftari la ghala. Leo naomba niviache vitabu kidogo, niseme habari ya muhogo na ya vijana wetu walio shuleni. Mwishoni mtaona kwamba sikwenda mbali na ukaguzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi kilichokuwa kikinunua makopa ya wanachama wake. Vitabu vilikuwa safi. Magunia 50 yalikuwa yamepokewa, kila moja kilo 100, jumla kilo 5,000. Miezi miwili baadaye tulipoupima mzigo ule ule mbele ya Kamati tulipata kilo 4,600. Kilo 400 hazikuonekana. Niliandika hoja ya ukaguzi, nikamtaka mtunza ghala azieleze. Hakuwa na la kusema ila kuapa. Kabla ya juma kwisha, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha mhukumu.

Ndipo aliponiomba jambo moja tu. Alitwaa kilo 10 za makopa yaliyoletwa asubuhi ile, akayaanika juu ya bati kwa siku tatu, usiku akiyaingiza ndani, kisha akayapima mbele yangu. Yalikuwa kilo 9 na gramu 200. Nikashika kalamu: mzigo wa kilo 5,000 ukipungua kwa kadiri ile ile, hubaki kilo 4,600. Hapakuwa na mwizi. Chama kilinunua maji, na maji yalikwenda zake.

Nilifuta hoja yangu kwa maandishi. Lakini maneno ya kijijini hayafutiki kwa kalamu, na yule ndugu aliiacha kazi msimu uliofuata. Nami nilibaki na fedheha yangu. Nilisoma hadi sekondari, nikafundishwa fizikia na kemia, nikafaulu. Lakini hapana siku niliyoonyeshwa kwamba kemia ile ndiyo iliyomo ndani ya gunia la makopa. Ndugu zangu, sipendi kijana mwingine atoke shuleni akiwa na elimu ya namna hiyo.

Watu wakisikia neno teknolojia hudhani ni mitambo. Teknolojia ya chakula ni kujua chakula kinaharibiwa na nini, na kukizuia kisiharibike wala kisimdhuru mlaji. Mama anayeanika ng'onda anayo. Anayeloweka muhogo mchungu anayo. Upungufu wetu ni kwamba mama anajua hatua asijue sababu, na mwanafunzi anasoma sababu asizijue hatua. Kazi ninayoomba tuifanye ni kuwakutanisha hao wawili, na muhogo unatosha kuwa kitabu chao cha kwanza.

Mkoa wetu si mgeni katika elimu ya zao hili. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, wataalamu walianza tangu miaka ya 1930 kuzalisha mbegu za muhogo zinazostahimili batobato na michirizi kahawia. Shambani tumetangulia. Ni baada ya kuvuna ndipo tunapojikwaa.

Somo la kwanza ni maji. Muhogo mbichi uliokwisha menywa, sehemu kama 60 katika kila 100 za uzito wake ni maji. Kwa hiyo kilo 100 zina kilo 40 tu za kitu kikavu. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka unyevu wa unga wa muhogo usizidi sehemu 13 katika 100. Tukikausha hadi hapo tutapata kilo 46. Tukiacha unyevu wa sehemu 20 tutapata kilo 50. Hizo kilo 4 za ziada ni maji, na chama kinayalipia bei ya makopa. Simlaumu mkulima, mvua za vuli zinamwahi na ada za watoto zinamdai. Lakini hasara hiyo humrudia yeye mwenyewe, kwa kuwa chama ni chake.

Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hii. Mpeni mzani, kilo moja ya muhogo na daftari. Aandike uzito wa muhogo kabla ya kumenya, baada ya kumenya, na kila jioni unapoanikwa, mpaka uzito uache kushuka. Atakuwa amejifunza sayansi, hesabu na utunzaji wa ghala kwa mara moja.

Somo la pili ni kuvu. Maji yale yale yanayoiba uzito ndiyo yanayoalika ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hii haina rangi wala harufu, na kupika hakuiondoi. Jirani zetu wa Kenya waliipata mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao hawakula sumu ya adui. Walikula akiba yao wenyewe.

Kwa mahindi kuna kipimo ambacho shule yoyote inakiweza. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyo kavu, funga, tikisa vizuri, kisha uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, yarudi juani. Chumvi isipoganda, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100, nayo yaendelee kuanikwa kidogo kabla ya kuwekwa kwa muda mrefu. Mtoto aliyekitumia kipimo hiki shuleni atakitumia na nyumbani, na baba yake atasimama kutazama.

Somo la tatu ni zito zaidi, nanyi naomba mnisikilize kwa makini. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake. Muhogo unapopondwa, kukunwa au kulowekwa mpaka ukalainika, kimeng'enya kilichomo katika muhogo wenyewe hukutana na kiini hicho na kukivunja, na sumu hutoka kama hewa. Kuanika vipande vizima peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu, kwa kuwa vinakauka kabla kazi hiyo haijakamilika.

Anayeila sumu hiyo kwa wingi majuma mengi, huku akikosa kitoweo, anaweza kupata maradhi ya konzo. Miguu hupooza ghafula, na haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Mwaka 1981 maradhi hayo yaliwapata watu zaidi ya 1,000 huko Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985, wakati wa ukame, yaliingia Tarime katika Mkoa wetu wa Mara. Ukame huzidisha uchungu wa muhogo, na njaa huwafanya watu wasingoje.

Lakini si njaa peke yake inayoharakisha watu. Katika jimbo la Bandundu, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, barabara nzuri ilijengwa kwenda Kinshasa na biashara ya muhogo ikashamiri. Malori yalipongoja, watu walifupisha kuloweka kutoka siku tatu hadi moja au mbili. Watafiti waliochunguza habari hiyo, na kuitangaza mwaka 1992, waliona kuwa haraka ile ya soko iliongeza sumu katika chakula cha watu. Ndugu Makatibu, somo hili ni letu sisi. Chama kinachomwambia mwanachama alete mzigo kesho kwa sababu lori limefika, kinaweza bila kujua kununua hatua ambayo haikufanywa.

Basi wanafunzi wafundishwe hivi. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu hadi nne mpaka ulainike, upondwe, ukamuliwe, uanikwe kwa tabaka jembamba juu ya chanja, mbali na vumbi na kuku. Ukiwa na shaka na unga uliokwisha sagwa, ipo njia iliyobuniwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli, weka alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Hapo acha maji. Tandaza unga huo kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, mahali penye hewa, kisha upikwe siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki itakuwa imetoka. Na bada hilo liliwe kwa samaki au maharage, maana protini ndiyo inayoupa mwili nguvu ya kuiondoa sumu kidogo iliyosalia. Wazee wetu waliposema bada halishuki bila ng'onda, walisema kweli kuliko walivyojua.

Sasa, chama kifanye nini? Elimu ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika, wala haikuandikwa kwa ajili ya semina za viongozi tu. Ninapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila chama kiazime shule iliyo karibu mzani wake siku moja kwa mwezi, nje ya msimu wa ununuzi. Pili, kiwaombe wanachama wawili au watatu, hasa akina mama wanaojua kazi hii, wakafundishe pamoja na mwalimu. Wasiitwe wasaidizi, waitwe walimu. Tatu, kitoe bati lililotobolewa kwa misumari la kukunia, viroba vya kukamulia na miti ya kutengeneza chanja. Gharama yake ni ndogo, nayo iandikwe katika fungu la elimu, nami nitakapokuja kukagua nitafurahi kuiona. Nne, chama kisinunue makopa yasiyokauka hata lori likiwa mlangoni, na sababu yake ielezwe kwenye mkutano mkuu, wanafunzi wakiwapo.

Najua wapo watakaosema vijana hawapendi muhogo, wanataka kazi ya ofisini. Huenda. Lakini hata ofisini watakula, na baadhi yao watakuwa makatibu, watunza ghala na wakaguzi. Ningependa mkaguzi atakayenifuata, siku atakapokuta kilo 400 hazionekani, aombe kwanza bati na jua la siku tatu, kabla hajaandika jina la mtu.