Sproketi Mpya na Cheni Kuukuu



Ndugu wasikilizaji wapenzi, Injili ya Dominika ya 8 ya Mwaka B, iliyo katika sura ya pili ya Marko, yatupeleka kwa mshona nguo. Bwana wetu, alipoulizwa juu ya kufunga, aliwakumbusha watu jambo ambalo kila mama wa nyumbani analijua: kiraka cha nguo mpya hakishonwi juu ya vazi lililochakaa, kwa maana hulivuta vazi hilo na kulichana zaidi. Kama angalisema nasi hapa Bombambili, huenda angalituketisha kwenye benchi la fundi pikipiki. Hatusemi hivyo kwa mzaha. Leo tunataka kuwaelezeni kosa letu wenyewe, ili ninyi msilirudie.

Mkipita Bombambili alfajiri mtawaona vijana wetu wa bodaboda, ambao hapa Songea wengine huwaita yeboyebo, wakifuta pikipiki zao kabla ya abiria wa kwanza. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, kazi hii imekuwa tegemeo la nyumba nyingi. Pikipiki humfikisha mama mjamzito zahanati. Hupeleka mfuko wa mbolea shambani na kurudi na gunia la mahindi. Nasi katika parokia zetu, katekista akienda kigangoni, au padri akiitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, mara nyingi ni pikipiki itakayofika mahali ambapo gari limekwama kwenye tope. Kwa hiyo tukizungumza habari za cheni, tunazungumza habari za uhai wa watu.

Nguvu ya injini haifiki yenyewe kwenye tairi la nyuma. Hutoka kwenye giaboksi kwa njia ya gurudumu dogo lenye meno, ambalo mafundi huliita sproketi ya mbele. Hupokelewa na cheni, nayo cheni huikabidhi sproketi kubwa iliyofungwa kwenye tairi. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na meno 42 nyuma. Kila tairi linapozunguka mara 1, sproketi ndogo imezunguka mara 3. Kila jino lake limekutana na cheni mara 3, hali jino la nyuma limekutana nayo mara 1 tu. Ndiyo maana ile ndogo huisha mapema. Na kwa kuwa imejificha nyuma ya kifuniko, pamoja na tope na mafuta yaliyogandamana, hakuna aionaye ikiisha.

Cheni nayo huisha kwa namna yake. Watu husema imerefuka, kana kwamba chuma kimevutika kama mpira. Sivyo. Kinacholika ni pini za viungo na vikombe vyake vya ndani. Kila kiungo hulegea kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini viungo hupita 100, na kidogo kikirudiwa mara 100 ni kingi. Cheni ya namna hiyo hailali tena vizuri katika mabonde ya meno. Huyapanda meno na kuyasaga, mpaka yakachongoka na kupinda kama ndoana.

Miaka kadhaa iliyopita pikipiki ya parokia yetu ilianza kulia upande wa mbele. Tuliipeleka kwa fundi mmoja hapa Bombambili, ndugu yetu Mwislamu, mtu mzima na mpole wa maneno. Alifungua kifuniko, akasugua tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatuonesha meno yaliyochongoka. Kisha akaenda nyuma, akaishika cheni kwa vidole viwili pale inapoizunguka sproketi kubwa, akaivuta. Cheni ikaachana na jino hata nusu ya jino ikaonekana. Akasema, "Baba Padri, hizi tatu zimezeeka pamoja. Zibadilishwe pamoja."

Tuliuliza bei. Sproketi ndogo peke yake ilikuwa bei nafuu. Seti nzima ilikuwa mara kadhaa zaidi. Nasi tulikuwa na paa la kigango lililongoja mabati. Tukamwagiza abadilishe ile ndogo tu. Alitutazama kidogo, akasema, "Cheni kuukuu itaila hii mpya, Baba." Tukamjibu kwamba tutarudi baada ya mavuno. Akafanya kama tulivyoagiza. Pikipiki ikatulia, kelele zikakoma. Tulirudi nyumbani tukijisifu kwa kutunza vizuri mali ya waamini.

Hazikupita wiki sita. Katekista wetu, ambaye waamini wote humwita Mwalimu, alikuwa akitoka kigangoni jioni ya Dominika, baada ya kuongoza ibada pasipo padri. Mvua ilikuwa imenyesha. Alipokuwa akiteremka mlima, cheni iliruka meno, ikatoka, ikajisokota penye sproketi ya nyuma, na tairi likashikwa papo hapo. Alivunjika mguu. Alilala wodini, na baadaye nyumbani, kwa miezi mingi. Na ulikuwa wakati wa palizi. Mahindi yake yangalimezwa na magugu, kama wanajumuiya wasingaliingia shambani mwake na majembe yao.

Tulikwenda kumtazama. Njiani tulikuwa tumejiandalia maneno mazuri juu ya kuyapokea mapenzi ya Mungu. Tukayasema. Mwalimu alituacha tumalize, kisha akauliza swali moja tu: "Padri, fundi alisema nini?"

Tulinyamaza. Ndipo tukamweleza yote: meno yaliyochongoka, cheni iliyovutwa kwa vidole viwili, bei, na jibu letu. Naye akanyamaza kitambo, akasema, "Basi tusimsingizie Mungu."

Ndugu wapenzi, tumehubiri miaka mingi, lakini mahubiri mafupi kuliko yote tuliyowahi kusikia ni hayo, nayo yalitoka kitandani kwa mtu aliyeumia kwa sababu yetu. Ni mara ngapi twayaita mapenzi ya Mungu mambo ambayo fundi, au daktari, au mke, au mtoto, alikwisha kutuonya? Mungu hupenda watu wafike salama. Sisi ndio tulioipenda fedha iliyobaki mfukoni.

Tulirudi kwa fundi tukiwa tumeinamisha vichwa. Hakutusuta. Alitupa spana, akasema, "Karibu, Baba, tufanye pamoja." Tuwaelezeni aliyotufundisha siku ile, maana huenda yakamfaa katekista mwingine.

Kwanza injini huzimwa, nayo hubaki imezimwa mpaka mwisho. Cheni na tairi huzungushwa kwa mkono tu. Wengi wamepoteza vidole kwa kusafisha cheni huku injini ikinguruma. Pikipiki husimamishwa kwa stendi mbili mahali palipo sawa, na kifuniko cha mbele huondolewa. Kabla cheni haijatolewa, mtu mmoja huingiza gia na kukanyaga breki ya nyuma, na mwenzake hulegeza boliti za sproketi ndogo. Pasipo breki hiyo, sproketi huzunguka pamoja na spana. Baada ya hapo gia huondolewa, nati ya ekseli ya nyuma hulegezwa pamoja na virekebishi vya pande mbili, na tairi husukumwa mbele ili cheni ilegee.

Kisha hutafutwa kiungo chenye klipu, nayo klipu hutolewa kwa koleo. Cheni ya zamani huvuliwa. Sproketi ya mbele hubadilishwa, na ya nyuma pia, na cheni mpya huvishwa. Hapo fundi alitusimamisha, kwa sababu tulikuwa tumeiweka klipu kinyume. Upande wake uliofungwa hutangulia kule cheni inakokwenda, na mdomo wake ulio wazi hufuata nyuma, ili kijiti au jiwe la njiani lisije likaibanua. Ni kitu kidogo kama ukucha, lakini cheni nzima imekitegemea.

Halafu huja kazi ya kurekebisha. Virekebishi vya kushoto na kulia huzungushwa sawasawa, kwa kutazama alama zilizochorwa pande zote mbili. Upande mmoja ukivutwa kuliko wa pili, tairi hukaa mshazari, na cheni huanza kulika upande siku hiyo hiyo. Ulegevu hupimwa katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, kwa kuisukuma cheni juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wa sentimeta 2 hadi 3 hutosha, nacho kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Tena haitoshi kupima mahali pamoja. Tairi huzungushwa polepole, na kipimo huchukuliwa pale cheni inapokaza zaidi. Mwishoni ekseli hukazwa barabara, cheni hupimwa tena, na breki ya nyuma hutazamwa, kwa maana tairi likisogea, breki ya fimbo nayo hubadilika.

Sisi tulitaka kukaza zaidi. Tuliona cheni iliyonyooka kama kamba ya nguo ndiyo cheni nzuri. Fundi akacheka kwa upole. "Baba," akasema, "sasa haina mtu. Akipanda dereva na abiria, nyuma hushuka, na cheni hujikaza yenyewe. Ukiikaza ikiwa tupu, ikipata mzigo itakatika, au itaua beringi ya giaboksi. Nawe ukiiacha ilegee mno, itaruka. Cheni hupimwa kwa kuukumbuka mzigo."

Maneno hayo twawaachia wazazi na viongozi wa jumuiya. Sheria ya nyumbani iliyokazwa kupita kiasi huonekana nzuri siku ambayo hakuna mzigo. Ukija ugonjwa, au ukosefu wa ada, au kijana akianguka mtihani, hukatika. Na nyumba isiyo na sheria yoyote huruka meno kwenye mteremko wa kwanza.

Lakini jambo kuu tulilotaka kusema leo ni lile la kiraka. Kosa letu lilikuwa kwamba tulitengeneza nusu, tukaridhika kwa sababu kelele zilikoma. Kukoma kwa kelele si kupona. Mume ampigaye mkewe hununua kitenge kipya, na nyumba hutulia kwa wiki sita. Mlevi huacha kilabu kwa muda wa Kwaresima, lakini hagusi deni lake wala hamwombi msamaha aliyemtukana. Kitenge ni kizuri, na kufunga ni kuzuri. Ila chuki ya zamani, au uongo wa zamani, ukiachwa uendelee kuzunguka, huyasaga meno mapya mpaka yafanane na yale tuliyoyatupa. Majivu ya Kwaresima yanakaribia. Tusiulize tu ni kipi kinachopiga kelele. Tuulize ni vitu gani vimezeeka pamoja.

Tuna neno pia kwa ninyi mnaomiliki pikipiki na kuwakabidhi vijana kwa hesabu ya kila siku. Kijana akija kwako na kusema cheni imekwisha, usimwambie aikaze tena mpaka mwisho wa mwezi. Kirekebishi kikifika ukingoni, hakuna tena cha kurekebisha. Hesabu unayoipokea jioni imepita juu ya cheni ile, na juu ya mgongo wa kijana yule. Nanyi vijana wetu, msiifiche hali ya chombo kwa kuogopa kunyang'anywa, wala msikubali mshikaki wa abiria wawili au watatu kwa ajili ya shilingi chache. Anayeketi nyuma yako amekukabidhi mama yake na watoto wake.

Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, walijenga kanisa na karakana, na vijana wengi wa mkoa wetu walijifunza ufundi kutoka kwao. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, alimtaka msimamizi wa mali ya monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Tuliyasoma hayo seminarini, tukayajibu vizuri katika mtihani. Tuliyaelewa miaka mingi baadaye, Bombambili, mikono ikiwa imejaa grisi.

Mwalimu wetu yungali katekista. Hutembea akichechemea kidogo, hasa majira ya baridi. Kila Jumamosi jioni, kabla ya safari ya kigangoni, huchuchumaa kando ya pikipiki, akaisukuma cheni kwa kidole, akazungusha tairi, akaisukuma tena. Siku moja tulimkuta hapo, tukachuchumaa naye. Hakusema neno. Alisogea tu, akatupisha tuone.

Ee Bwana, utujalie masikio ya kumsikia anayetuonya, na moyo wa kutengeneza yote yaliyoharibika, siyo lile tu linalopiga kelele. Uwalinde wote walio njiani leo. Amina.