Ufito Kabla ya Chuma



Mzazi apitaye uwanjani akamkuta mwanawe akirudia mwendo uleule kwa mpini wa ufagio, wiki ya pili sasa, ana haki ya kuuliza mchezo wenyewe wa kunyanyua uzito utaanza lini. Kwa kocha ajuaye kazi yake, umekwisha kuanza.

Katika Michezo ya Olimpiki kuna minyanyuo miwili. Katika wa kwanza, chuma hutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Katika wa pili hupokewa kwanza mabegani, kisha husukumwa juu. Chuma cha wanaume, kabla ya kutiwa uzito wowote, kina kilo 20. Cha wanawake, kilo 15. Kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza huo ni mzigo tayari, na ndiyo maana ufito hutangulia.

Wengi hudhani mikono ndiyo inyanyuayo. Mikono ni kamba tu. Wavutao ni miguu na nyonga. Mwanamichezo husimama chuma kikiwa juu ya katikati ya nyayo, mgongo umenyooka, mabega yametangulia kidogo. Huisukuma ardhi kwa miguu bila pupa, chuma kikipanda karibu na mwili. Kikishapita magoti ndipo huongeza kasi, akanyoosha nyonga na magoti kwa nguvu zote. Akikunja viwiko mapema, nguvu ya miguu hupotea njiani. Kosa hili huonekana vizuri kwa kocha aliyesimama ubavuni, na humlazimu kupunguza uzito hata kama kijana ananuna.

Kisha huja jambo la ajabu: mnyanyuaji hodari hakipandishi chuma juu sana, bali hushuka upesi chini yake na kukipokea akiwa amechuchumaa. Mwaka 1988 mjini Seoul, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, aliyeshindana katika uzani wa kilo 60, alinyanyua kilo 190 katika mnyanyuo wa pili, zaidi ya mara tatu ya uzani wake. Nguvu alikuwa nazo, lakini asiyejua kushuka chini ya chuma hawezi kuufikia uzito kama huo.

Kwa sababu hiyo makocha wengi hufundisha kutoka juu kwenda chini: kwanza kuanzia nyongani, halafu juu ya magoti, mwisho kutoka sakafuni. Husahihisha kosa moja kwa wakati mmoja, kwani kijana aambiwaye mambo matano hashiki hata moja. Na mapema kabisa hufundishwa kushindwa: kuachia chuma kianguke, naye kujiondoa njiani. Anayeng'ang'ania kuokoa mnyanyuo ulioharibika ndiye aumiaye.

Kuhusu makopo yaliyojazwa zege, ambayo vijana hujitengenezea nyumbani, juhudi yao ni ya kusifiwa. Lakini chuma cha mashindano kina ncha zinazozunguka, hivyo uzito hauvuti viganja kinapogeuzwa mabegani. Kopo la zege lililogandamana na bomba halizunguki. Hukipinda kifundo cha mkono, tena haliachiwi likaanguka bila kupasuka. Lifae basi kwa kuchuchumaa na mazoezi mepesi, si kwa minyanyuo hii miwili.

Ipo pia hofu kwamba mtoto anyanyuaye uzito atadumaa. Wataalamu wa afya ya watoto hawakuona hivyo pale mazoezi yanaposimamiwa vema na uzito kuongezwa kidogo kidogo. Hatari imo katika mashindano ya vichochoroni, ambapo kila mmoja hutaka kumpita mwenziwe kwa kilo tano, wala hakuna mtu mzima wa kusema basi.

Kabla ya kumwandikisha mwanawe, mzazi na amwulize kocha maswali mawili: ni lini alipompunguzia mwanafunzi uzito mara ya mwisho, na kwa nini. Kocha mzuri atakumbuka, na mara nyingi itakuwa ni wiki hiyohiyo.