Sahani Isiyorudi: Ada Zetu za Ramadhani Ughaibuni

(Mhadhara uliotolewa baada ya tarawehe, Point, Durban)

 

Tangu mwezi ulipoandama tumeulizwa swali moja lililovaa nguo mbalimbali. Kijana mmoja ameuliza kama adhana ya simu yatosha kumfuturisha. Mama mmoja ameuliza kama fitri yaweza kutumwa kwa simu hadi Tanga. Mzee wetu mmoja hakuuliza, alilalamika tu kwamba siku hizi Ramadhani haina harufu. Tumeona usiku huu tulitazame jambo lenyewe: maisha ya kisasa yamezigusa ada zetu, na katika hizo ipi ni ya kuachiwa iende, na ipi ikienda huondoka na kitu kisicho chake?

Wanazuoni wametenganisha ibada na ada. Ibada haina mwenye ruhusa ya kuiongeza wala kuipunguza. Ada ni ya watu, na watu hubadilika. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alitunga risala nzima kueleza kwamba hukumu iliyojengwa juu ya ada hubadilika pale ada yenyewe inapobadilika. Kwa hiyo hatumkaripii kijana kwa sababu tu alifanyalo hakulifanya babu yake. Mwaka 1511 mikusanyiko ya kahawa ilipigwa marufuku Makka yenyewe. Leo dele la kahawa hupitishwa msikitini baada ya tarawehe na hakuna anayeshtuka.

Basi yaliyo mepesi tuyapite haraka. Kinachomfuturisha mfungaji ni kuzama kwa jua. Simu ni mjumbe tu, na mjumbe aulizwe ametoka mji gani. Tumeona simu iliyosahau kwamba mwenyewe amehama Dar es Salaam, ikamwadhinia na jua la Durban bado li juu ya majengo. Nyumba nyingi za Waislamu katika mji huu zina redio ndogo inayopokea adhana moja kwa moja kutoka msikitini, na kwa anayekaa ghorofa ya kumi na mbili, madirisha yamefungwa kwa upepo wa bahari, redio hiyo ndiyo mnara wake. Na tusiichukulie sauti hii kuwa kitu cha bure. Mwaka 2020 Mahakama Kuu hapa Durban iliamuru adhana ya madrasa ya Isipingo Beach isisikike ndani ya nyumba ya jirani aliyelalamika. Amri hiyo haikutenguliwa na Mahakama ya Juu ya Rufaa mpaka Novemba 2022.

Daku nalo. Unguja, Mombasa na Lamu vijana walipita mitaani na ngoma kuamsha watu. Leo kila mmoja ana kengele chini ya mto, na huamka, hilo hatukatai. Ila mpiga daku alikuwa zaidi ya saa. Alijua kwamba dirisha la bibi fulani halijawaka taa, akarudi kugonga.

Sasa tufike kwenye sahani.

Kwetu pwani, baada ya alasiri watoto walionekana wakivuka njia na sahani zilizofunikwa kawa. Nyumba hii imepika mbaazi za nazi, ile imepika tambi, ya tatu haina ila ndizi mbivu. Magharibi ikiingia kila nyumba ina vyote vitatu. Na sahani haikurudi tupu. Aliyepokea aliiosha, akakaa nayo siku moja au mbili, kisha akaitia alichojaaliwa, hata tende tatu. Lilikuwa deni lisiloandikwa, na hakuna aliyetaka liishe, kwa sababu deni hilo ndilo lililoiweka milango wazi. Mtoto aliyeibeba alijifunza kupiga hodi, kutoa shikamoo, kungoja kukaribishwa na kutochungulia. Alirudi na habari: bibi ana homa, baba fulani amesafiri, wale wageni wapya nao wanafunga. Leo nani anatuletea habari hizo?

Futari sasa huagizwa kwa programu ya simu, huletwa na pikipiki, huachwa kwa mlinzi wa jengo. Hata tunapopelekeana wenyewe, hutiwa katika vibakuli vya plastiki vya kutupwa. Sababu tumezisikia, na ni za haki. Mama anatoka kazini jua likiwa karibu kuzama, lifti mbovu, umeme umekatika. Hatumwambii arudi kwenye mbuzi kukuna nazi. Nazi ya kopo ni nazi. Lakini kibakuli cha kutupwa kina kasoro moja isiyoonekana: hakidai chochote. Kimefika, kimeliwa, kimetupwa, na milango miwili imebaki imefungwa kama ilivyokuwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Maji, ndugu zetu. Hakumwambia aongeze nyama. Na katika majengo yetu haya yupo kijana baharia aliyeshuka melini, anafuturu mkate na maji ya bomba peke yake, huku harufu ya biriani inapanda na lifti.

Mji huu unao ushahidi wa watu kama yeye. Mwaka 1873 manowari za Waingereza zilianza kuleta katika bandari hii watu waliookolewa kutoka majahazi ya biashara ya utumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na kwa kuwa walipitia Zanzibar, hapa wakaitwa Wazanzibari mpaka leo. Hawakuwa na ukoo nchini wala mzee wa kuwatangulia. Waislamu wenye asili ya Kihindi, wenye msikiti wa Grey Street, waliwatambua kuwa ni ndugu, na mwaka 1899 wadhamini wa msikiti huo wakanunua ardhi King's Rest, kule Bluff, ng'ambo ya mlango wa bandari tunaouona tukisimama ukingoni hapa. Wakakaa huko, wakaswali, wakazikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ya ubaguzi iliyogawa makazi kwa rangi iliwang'oa na kuwapeleka Chatsworth. Huko nako wakaendelea kuwa jamaa moja. Nyumba zao zilichukuliwa, bahari yao ikachukuliwa, lakini kutembeleana kwao hakukuchukuliwa na serikali. Sisi hatujahamishwa na mtu. Tunakaa jengo moja, tunasalimiana kwa picha ya mwezi na nyota.

Na lipo zito kuliko futari. Kabla ya mwezi huu tulikuwa na msiba. Tanzia ilipotumwa katika kundi la simu, taazia ziliingia kwa makumi kabla saa moja haijatimia, nyingine zimepambwa kwa maua. Makaburini tuliwahesabu watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wachimbaji. Marehemu hakuwa na ndugu wa damu katika nchi hii. Hatulisemi hili kumnyoshea mtu kidole: yupo aliyekuwa zamu, yupo asiye na karatasi za kuishi nchini akaogopa njia yenye polisi, na Mwenyezi Mungu anazijua nyudhuru. Lakini katika haki tano za Mwislamu kwa Mwislamu mwenzake zimo kumzuru mgonjwa na kuisindikiza jeneza, na zote mbili hutimizwa kwa miguu. Taazia ya maneno ni sunna njema pia. Ila mfiwa huipata baada ya maiti kubebwa na watu.

Tuwe waadilifu kwa simu vilevile. Mama wa marehemu yupo Pemba. Kijana mmoja alisimama kando ya kaburi na simu mkononi, na mama yule akaona mwanawe akiswaliwa, akaona udongo ukitiwa, akaitikia dua. Zamani barua ingemfikia baada ya wiki kadhaa, na mengine angeyakisia tu. Kijana yule alifika kwanza makaburini, ndipo akaifungua simu.

Tumjibu na mama wa Tanga. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, fitri ni pishi ya chakula kinacholiwa na watu wa mji, kwa kila kichwa. Majirani zetu wengi hapa ni Mahanafi, na kwao thamani yake kwa fedha inajuzu, basi tusigombane mlangoni mwa msikiti. Asili ni kuwapa mafakiri wa pale ulipo wewe, na hapa Point wapo, tumekwisha kuwataja. Ukitaka kuwasaidia wa Tanga, watumie sadaka kwa simu usiku huu huu, isingoje Idi.

La mwisho. Chama kimenunua sahani hamsini za bati, zipo kwenye meza karibu na mlango, kila moja ina namba chini yake. Achukuaye aandike namba, jina lake, jengo na ghorofa. Sahani ipelekwe ikiwa na chochote, kwa mlango ambao mwenye kupeleka hajawahi kuubisha, na ipelekwe na mtoto kama yupo. Aliyepokea ana siku tatu za kuijaza na kuipeleka kwa mwingine. Daftari linashikwa na kina mama, kwa sababu wao hawasahau. Usiku wa ishirini na saba tutalisoma, tujue kila sahani imefika wapi.

Wabillahi tawfiq. Vijana, anzeni kuzigawa.