Tumngoje Aunyoshe Mkono
Dominika ya 9 ya Mwaka B (Mk 2:23–3:6)



Injili ya Dominika hii yatuingiza katika sinagogi siku ya Sabato. Yumo humo mtu aliyepooza mkono. Mwinjili Luka aongeza kuwa ni mkono wa kuume, yaani mkono wa kazi. Mafarisayo wanamvizia Yesu wapate neno la kumshitaki. Mgonjwa mwenyewe hawamjali. Yesu amwita kwanza asimame katikati ya watu, kisha amwamuru aunyoshe mkono ule ule usio na nguvu. Bwana wetu angeweza kumponya akiwa ameketi kimya pembeni. Hakufanya hivyo. Alitaka mgonjwa naye ashiriki katika kuponywa kwake.

Neno hili lilitugusa siku moja tulipompelekea Komunyo mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi. Tulipoanza ishara ya msalaba, mkono wake wa kuume ulijongea polepole juu ya blanketi. Sisi, kwa huruma na kwa haraka, tukaushika ili tuufikishe kwenye paji la uso. Mjukuu wake, binti wa darasa la sita, akasema kwa adabu: "Samahani, Baba Padre, mwache babu. Hospitali walituambia tumngoje." Tukauachia. Mkono ukapanda, ukatetemeka, ukaanguka, ukapanda tena hata ukafika. Tulikuwa na wagonjwa wengine watatu wa kuwaona asubuhi ile, na twakiri kwamba tulitazama saa. Lakini "Amina" ya mzee yule ilikuwa ya mtu aliyesali mwenyewe.

Binti yule alikuwa amefundishwa jambo la kweli. Katika kiharusi, kilichoumia si mkono, bali ile sehemu ya ubongo inayouamuru. Mgonjwa akijaribu na kushindwa, huutumia mkono mwingine; na kadiri anavyouacha ule dhaifu, ndivyo unavyozidi kusahauliwa. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, alibuni tiba ya kuuzuia mkono wenye afya ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 222 huko Marekani. Baadhi yao walivikwa glavu nene katika mkono wenye afya kwa majuma mawili, wakafanyishwa mazoezi saa nyingi kila siku. Hao waliutumia mkono dhaifu vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, hata baada ya mwaka mmoja. Tiba hiyo humfaa mgonjwa ambaye bado aweza kukunjua kiganja na vidole kidogo, tena chini ya mtaalamu. Asifungwe mtu mkono nyumbani kwa kubahatisha. Lakini funzo lake ni la wote: ubongo ulioumia waweza kujifunza tena, kwa kurudia na kurudia.

Ndugu wapendwa, katika familia zetu wamo wazee waliolazwa chumba cha ndani, na watoto wenye mtindio wa ubongo wanaofichwa wageni wafikapo. Wengine tumewazungusha kwa waganga tukisema wamerogwa, huku siku za mazoezi zikipita. Wengine twawapenda sana, lakini twawalisha, twawavika na kuwasemea hata katika yale wanayoyaweza. Huruma ya namna hiyo huupoozesha mkono mara ya pili.

Hatusemi kwamba kila afanyaye mazoezi atapona. Wapo watakaojitahidi kwa moyo wote, na mkono usinyoke. Hao wasiambiwe kuwa imani yao ni haba. Mtume Paulo, katika somo la pili, atukumbusha kuwa hazina ya Mungu imewekwa katika vyombo vya udongo. Na udongo ukipata ufa, hazina haipungui.

Basi juma hili, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ulizeni: ni nani haonekani kati yetu kwa kuwa hawezi kutembea? Saidieni afikishwe kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Siku ya sala mleteni akae katikati, si nyuma mlangoni. Naye atakapoanza kuunyosha mkono wake, tusiushike. Tumngoje.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa kitandani. Amina.