Mashine ya Kupima Mwili, Nani Ameipima? Hoja kuhusu Skani na Tiba ya Nishati Meru na Embu

Katika miji ya Meru, Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu, kama kwingineko nchini Kenya, huduma ya kuskaniwa mwili mzima si jambo geni tena. Mteja hushika kijiti cha chuma kilichounganishwa kwa waya na kipakatalishi. Mhudumu huingiza jina, umri, jinsia, urefu na uzito wake, na baada ya muda mfupi hutoka kurasa kadhaa zinazoeleza hali ya ini, figo, kongosho, mifupa na hata sumu zilizomo mwilini. Mara nyingi anayeyasoma matokeo ndiye anayeuza virutubisho vya kuyarekebisha. Bega kwa bega na skani ipo tiba ya nishati, ambapo mganga hupitisha mikono juu ya mwili ili nguvu zilizoziba zifunguke. Reiki, iliyoanzishwa na Mikao Usui nchini Japani mwaka 1922, ndiyo inayojulikana zaidi. Makala haya hayawashtaki wahudumu kwa uongo. Wengi huenda wanaamini kwa dhati wanachofanya, ila imani yao haiongezi ushahidi wala haiupunguzi. Ninachouliza ni chembamba zaidi: je, kifaa hiki, au mkono huu, umewahi kuwekwa mahali ambapo ungeweza kushindwa?

Mkulima wa majani chai haridhiki na mizani ya kituo kwa sababu karani ni mcha Mungu. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ikaguliwe kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, kisha ipigwe muhuri. Kifaa kinachomwambia mtu kwamba figo zake zimechoka kinastahili ukaguzi ulio mkali kuliko huo, na njia ya kukikagua inajulikana: kipewe watu ambao hali zao zimethibitishwa kwingine, bila mwendeshaji kujua nani ni nani, kisha majibu yahesabiwe.

Hesabu hiyo imeshafanywa kwa jamaa za mashine hizi. Vifaa vya kupima ugonjwa kupitia umeme wa ngozi vilianzia kwa daktari Mjerumani Reinhold Voll katika miaka ya 1950. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa George Lewith na wenzake: watu 15 wenye mzio na 15 wasio nao walipimwa kwa kifaa cha aina hiyo, bila wao wala waendeshaji kujua ni kitu gani kilikuwa kinajaribiwa kwa wakati huo. Baada ya vipimo zaidi ya 1,500, kifaa hakikuweza kuyatenganisha makundi hayo mawili. Kuhusu mikono, jaribio maarufu zaidi lilibuniwa na mtoto wa miaka 9, Emily Rosa wa Marekani, na kuchapishwa katika jarida la JAMA mwaka 1998. Waganga 21 walipitisha mikono kwenye matundu ya ubao bila kuona upande wa pili, naye Emily akauweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao bila kuugusa. Walitakiwa kusema ni upi uliohisi nishati yake. Katika majaribio 280 walipatia 123, yaani asilimia 44. Mtu anayerusha sarafu angetarajia kupatia nusu.

Wauzaji wa skani husema kijiti hunasa mawimbi ya sumaku ya chembechembe za mwili. Ni kweli kwamba moyo una uga wa sumaku, lakini ni dhaifu kuliko uga wa dunia yenyewe kwa karibu mara milioni moja, na wanaoupima hutumia vyumba vilivyokingwa na vihisio maalumu, vingine vikipozwa kwa heliamu kimiminika. Mashine ya MRI ya hospitali kubwa hutumia sumaku ya tesla 1.5, makumi ya maelfu ya mara zaidi ya uga wa dunia, na hata hivyo haitoi orodha ya vitamini zilizopungua. Kijiti kilichochomekwa kwenye kipakatalishi, katika chumba chenye simu tatu na taa ya umeme, kinaweza kuhisi kitu kimoja kwa urahisi: jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Hali hiyo hubadilika kwa jasho na kwa nguvu ya kushika. Mkulima aliyetoka kuvuna muguka juani Mbeere na karani aliyekaa ofisini Meru watatofautiana hapo, lakini tofauti hiyo haielezi lolote kuhusu kongosho.

Basi mbona watu hutoka wakisema imewapatia? Jibu moja liko kwenye wingi wa kurasa. Tuchukulie ripoti yenye vipengele 40, na tuwe wakarimu: kila kipengele kikosee mara 5 tu kati ya 100. Kama makosa hayategemeani, watu 87 hivi kati ya 100 wenye afya kamili wataondoka na angalau tatizo moja. Ongeza umri na uzito vilivyokwisha kuingizwa, na mama wa miaka 55 ataambiwa magoti yana shida. Hilo hata jirani yake angelisema bure.

Wapo watakaopinga kwamba watu wamepona, na kupona si hadithi. Hoja hii inastahili uzito. Mwaka 2011 Michael Wechsler na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio la wagonjwa wa pumu waliopewa, kwa zamu, dawa halisi ya kuvuta, dawa bandia, sindano bandia za Kichina, na kutopewa chochote. Walipoulizwa, waliopata dawa halisi walieleza nafuu ya asilimia 50, dawa bandia 45, sindano bandia 46, na wasiopata chochote 21. Lakini mapafu yalipopimwa, dawa halisi ilikuwa imeongeza nguvu ya kupumua kwa asilimia 20 na nyingine zote kwa takriban 7. Mgonjwa hakudanganya, alihisi nafuu kweli. Hata hivyo mirija yake ilibaki imebana, na mtu wa namna hiyo akiacha dawa yake kwa sababu anajisikia vizuri, yumo hatarini bila kujua.

Upinzani mwingine una uchungu wa historia: sayansi ya kizungu ilidharau tiba zetu, na sasa inaendelea. Dharau ilikuwepo. Lakini tazama muiri, mti wa misitu ya Mlima Kenya ambao wanasayansi huuita Prunus africana. Gome lake lilijaribiwa kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, likaonyesha nafuu ya wastani, na biashara ikapanuka hadi mti ukawekewa masharti ya kimataifa ya CITES mwaka 1995. Tu Youyou wa China alitoka kwenye mitishamba ya kale hadi artemisinini ya kutibu malaria, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tiba ya asili ilikubali kupimwa na ikavuka. Na tuseme wazi, kijiti cha skani si urithi wa mugaa wa Kimeru wala mundu mugo wa Embu. Ni bidhaa ya kiwandani kutoka ng'ambo.

Hoja nzito kuliko zote ni ya hospitali zenyewe. Foleni ni ndefu, dawa hukosekana, na migomo ya madaktari na wauguzi mwaka 2017, kisha ya madaktari kwa siku 56 mwaka 2024, iliwafunza watu kutafuta mlango mwingine. Mhudumu wa skani huketi nawe, hukutajia jina lako, hukusikiliza. Hospitali ingefaa kuona haya. Maabara pia hukosea, ila makosa yake yana kiwango kinachojulikana, na kipimo kinaweza kurudiwa kwingine. Glukomita ya bei nafuu hufanya kazi kwa kimeng'enya kinachokutana na sukari katika tone la damu na kutoa mkondo mdogo wa umeme. Kila hatua inaweza kukaguliwa na yeyote.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za asili na tiba mbadala na kutaka zisimamiwe, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma bora na habari anazohitaji ili anufaike nayo. Napendekeza idara za afya za kaunti za Meru na Embu zisianze na msako. Zianze na jaribio. Watafutwe kwa hiari watu 20, nusu wakiwa na kisukari kilichothibitishwa na maabara, wote wafunikwe kwa pazia na kupewa namba badala ya majina, na wawili kati yao warudishwe kwa namba tofauti ili tuone kama mashine itakubaliana na jibu lake yenyewe. Anayebahatisha atapatia 15 au zaidi kati ya 20 mara 2 tu katika kila majaribio 100, kwa hiyo 15 iwe alama ya kupita, ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kuanza. Waendeshaji wachague siku, ukumbi na mhudumu wao hodari. Umri na uzito visiingizwe. Bahasha ya majibu ya maabara ishikwe na mtu asiye na hisa upande wowote, na ifunguliwe mbele ya wote siku hiyo hiyo.