Saketi Husomwa Kabla ya Kupigiwa Hesabu
Mazungumzo kwa watahiniwa wa KCSE, Kibokoni



Mtihani wa fizikia wa KCSE una karatasi tatu. Ya pili, yenye alama 80 kwa saa mbili, ndiyo hubeba maswali ya umeme. Mwanafunzi anayeijua vyema kanuni ya Ohm anaweza kupoteza alama hapo kwa sababu moja tu: ameanza kugawanya na kuzidisha kabla ya kuusoma mchoro.

Mchoro wa saketi husomwa kama mitaa ya Mji wa Kale. Watu 30 wakifuata njia moja, kisha njia ikagawanyika vichochoro viwili, wengine watapita huku na wengine kule. Vichochoro vikikutana tena mbele, watu ni 30 walewale. Mkondo wa umeme nao ni hivyo: hugawanyika, haupotei.

Chukulia betri ya volti 12, ambayo ukinzani wake wa ndani hauhesabiwi. Umeme unapita kwenye kikinza cha omu 2, kisha unagawanyika kwenye vikinza viwili vilivyo sambamba, cha omu 6 na cha omu 3.

Kwanza, vile vilivyo sambamba: 1/6 + 1/3 = 1/2. Hapa ndipo penye mtego. Nusu si jibu; sharti igeuzwe juu chini, ipatikane omu 2.

Pili, ukinzani wote: 2 + 2 = omu 4.

Tatu, mkondo mzima: 12 ÷ 4 = ampea 3.

Nne, kikinza cha mwanzo kinachukua 3 × 2 = volti 6. Zimebaki volti 6 kwa vile viwili. Cha omu 6 kinapitisha ampea 1, cha omu 3 kinapitisha ampea 2.

Mwisho ni kuhakiki: 1 + 2 = 3. Hesabu imetimia. Aliyesahau kugeuza angepata omu 2.5 na ampea 4.8, lakini vichochoro vyake vingempa ampea 0.4 na 0.8, jumla 1.2. Ampea 3.6 zimekwenda wapi? Swali hilo linamwonyesha kosa angali na kalamu mkononi. Na kila hatua iandikwe, kwani hatua sahihi huweza kupata alama hata jibu la mwisho likikosea.

Elimu hii haiishii chumba cha mtihani. Birika la wati 2,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 10. Pasi ya kiasi hicho ikichomekwa kwenye waya uleule wa nyongeza, zinakuwa 20, na plagi ya nyumbani ni ya ampea 13. Katika nyumba zilizobanana kama za Kibokoni, moto wa waya mmoja ni wa mtaa mzima. Mtoto anayejua hesabu hiyo na aifanye nyumbani pia.

Kila la heri kwa watahiniwa wote.